Kaya za Asia huweka akiba kwa hofu, si kwa mila

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini uchambuzi mliouchapisha katika ukurasa wa uchumi kuhusu kudorora kwa biashara ya ndani nchini China na kupungua kwa watoto wanaozaliwa katika nchi za Asia ya Mashariki. Mchambuzi wenu alizipanga takwimu vizuri, lakini alipofika kwenye sababu alitaja mbili tu: kwamba watu wa Asia wana mila ya kujinyima na kuweka akiba, na kwamba vijana wao wa leo wanajipenda mno kiasi cha kuukimbia ulezi. Alihitimisha kwa kutukumbusha kwamba akiba haiozi. Naomba nafasi ya kutofautiana naye, kwa sababu maelezo ya namna hiyo humlaumu aliyetwishwa mzigo na kumsahau aliyemtwisha.

Hoja yangu ni kwamba China, Korea Kusini na Japani zilikua haraka kwa sera zilizochota katika kaya na kupeleka viwandani, kwenye miundombinu na kwa makampuni makubwa. Kilichochotwa ni mishahara iliyobanwa, riba ndogo ya amana, kazi ya ulezi ambayo wanawake waliifanya bila malipo, na huduma za jamii ambazo serikali zilichelewa kuzitoa au hazikuzitoa kabisa. Utaratibu huo ulizaa matunda ambayo hakuna mtu wa haki anayeweza kuyabeza, kwani nchini China peke yake mamia ya mamilioni ya watu walitoka katika ufukara. Hata hivyo sehemu iliyorudishwa nyumbani imekuwa ndogo mno, na sasa kaya zinajibu kwa mambo ambayo hakuna waziri anayeweza kuziamuru: zinapunguza manunuzi, vijana wanaahirisha ndoa, na watoto hawazaliwi.

Nilisoma kwa miaka minne katika mji mmoja mkubwa wa kusini mwa China. Katika bwalo letu la chakula alikuwapo mama mmoja mpishi tuliyemwita Ayi, kama ambavyo wanafunzi wa kule huwaita wanawake walio na umri wa mama zao wadogo. Alitoka kijiji kimoja cha jimbo la Sichuan, na mwanawe wa kiume aliachwa huko kwa bibi yake tangu akiwa na miaka mitatu. Ayi alikuwa amekwisha kukaa mjini miaka kumi na mmoja, akilipa kodi ya chumba na kuwapikia watoto wa watu, lakini mwanawe hakuweza kupokelewa katika shule ya serikali ya mji ule bila rundo la nyaraka ambazo mwajiri hakuwa tayari kumwandikia. Na hata kama angepokelewa, mtihani wa kuingia chuo kikuu angelazimika kurudi jimboni kwao kuufanya. Mama na mwana walionana wakati wa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, mara moja kwa mwaka. Siku moja nilimuuliza kwa nini anaweka zaidi ya nusu ya mshahara wake, na katika jibu lake refu hakutaja mila wala wahenga. Alimtaja mama yake mwenye kisukari, ambaye bima yake ya kijijini ilirudisha fedha kidogo sana kila alipotibiwa nje ya wilaya yake. Alitaja nyumba ambayo mwanawe angetakiwa awe nayo kabla ya kuposa. Kisha, kwa sauti ya chini, akataja uzee wake mwenyewe.

Kilichomweka Ayi katika hali ile ni hukou, yaani usajili wa kaya uliowekwa kwa kanuni za mwaka 1958. Usajili huo uliwagawa raia katika mafungu mawili, la kilimo na lisilo la kilimo, na ukafunga haki za kila mtu mahali aliposajiliwa. Zama za uchumi wa mipango uliwazuia wakulima wasihamie mijini. Mageuzi yalipoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, viwanda vya pwani vilihitaji nguvu zao, kwa hiyo wakaruhusiwa kuja kufanya kazi huku shule, matibabu na pensheni vikibaki vijijini walikotoka. Leo China ina wafanyakazi karibu milioni 300 wa asili ya vijijini. Mwaka 2023 wakazi wa mijini walifikia asilimia 66 ya watu wote, lakini waliokuwa na usajili wa mjini walikuwa asilimia 48 tu. Pengo hilo ni watu wapatao milioni 250, ambao mji huwatumia wakiwa na nguvu na kuwarudisha walikotoka wanapochoka. Watoto walioachwa nyuma na mzazi mmoja au wote wawili wanahesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Novemba 2017, baada ya moto ulioua watu 19 katika jengo moja la wilaya ya Daxing jijini Beijing, mamlaka ziliendesha msako wa majengo yasiyo salama, na maelfu ya wahamiaji wakafukuzwa vyumbani mwao katika majira ya baridi kali. Mtu aliyeona jambo kama hilo likimpata jirani yake hawezi kutumia mshahara wake kwa amani, hata akihimizwa na tangazo gani.

Pensheni nayo inaonyesha mgawanyo uleule. Mkulima mzee hupokea wastani wa yuan 200 hivi kwa mwezi, ilhali mstaafu wa mjini aliyekuwa na ajira rasmi hupata zaidi ya yuan 3,000. Isitoshe, kwa miongo kadhaa hadi mwaka 2015 serikali iliweka kikomo cha riba ambayo benki ziliruhusiwa kuwalipa wenye amana, ili mikopo ya makampuni ya umma na ya miradi mikubwa iwe nafuu. Mwenye akiba ndogo alikuwa akiwakopesha wakubwa kwa bei ya kutupa bila kuulizwa. Ukizijumlisha sababu hizi, hushangai kwamba matumizi ya kaya nchini China ni takribani asilimia 40 tu ya pato la taifa, wakati wastani wa dunia ni zaidi ya nusu. Mila haina kipimo kikubwa kiasi hicho, na kama ingekuwa ni mila, kaya za Wachina zisingeongeza akiba zao miaka ya 1990 na 2000, wakati uleule ambapo makampuni ya umma yaliwaachisha kazi mamilioni ya watu na kufuta nyumba, zahanati na shule zilizokuwa zikiambatana na ajira hizo.

Kuhusu akiba kutooza, naomba mchambuzi wenu azitazame nyumba. Mageuzi ya kodi ya mwaka 1994 yalipeleka sehemu kubwa ya mapato kwa serikali kuu huku mzigo wa huduma ukibaki kwa serikali za mitaa, nazo zikapata njia ya kujikimu kwa kuuza haki za kutumia ardhi kwa makampuni ya ujenzi. Makampuni hayo yaliuza nyumba kabla hazijajengwa, yakatumia fedha za mnunuzi wa leo kumalizia nyumba ya mnunuzi wa jana na kununua kiwanja kingine. Wananchi ambao benki ziliwalipa riba ndogo na ambao hawakuwa na soko la hisa la kuaminika waliweka akiba za maisha yao humo, pamoja na za wazazi wa mume na za wazazi wa mke. Agosti 2020 serikali iliweka masharti makali ya ukopaji yaliyojulikana kama mistari mitatu myekundu, na mtiririko wa fedha ukakatika. Evergrande, kampuni yenye madeni ya zaidi ya dola bilioni 300, ilitangazwa kuwa imeshindwa kulipa mwezi Desemba 2021, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Katikati ya mwaka 2022 wanunuzi katika miji mingi walitangaza kusitisha kulipa mikopo ya nyumba ambazo hazijakamilika, baadhi yao wakiwa wanalala katika maghorofa yasiyo na maji, umeme wala madirisha. Hiyo ndiyo akiba iliyooza, na waliooza nayo ni watu waliotii kila ushauri waliopewa.

Nakiri kwamba serikali ya China imeanza kusogea. Julai 2024 ilitoa mpango wa miaka mitano wa kulegeza usajili katika miji mingi na kupanua huduma kwa wahamiaji. Mwaka 2025 ilianza kutoa yuan 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na ikafuta ada ya mwaka wa mwisho wa shule ya awali. Lakini yuan 300 kwa mwezi haziwezi kubadili uamuzi wa mwanamke anayejua kwamba akipata mimba huenda asipandishwe cheo, na taifa lililoanza kutekeleza sera ya mtoto mmoja karibu mwaka 1980, likairuhusu familia kuwa na watoto wawili mwaka 2016 na watatu mwaka 2021, linahitaji zaidi ya ruhusa na bahasha. Watoto waliozaliwa mwaka 2016 walikuwa zaidi ya milioni 17. Mwaka 2023 walikuwa milioni 9.02. Idadi ya watu ilipungua mwaka 2022 kwa mara ya kwanza tangu njaa kuu ya mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sehemu kubwa ya fedha bado inaelekezwa kwenye uzalishaji. Viwanda vya magari ya umeme, betri na paneli za jua vilipewa ruzuku na mikopo hadi vikashindana kwa kuuza kwa hasara, hali ambayo Wachina wenyewe huiita neijuan, mashindano ya kuchoshana yasiyomfikisha mtu popote. Bidhaa ambazo kaya za ndani hazina uwezo wa kuzinunua hutafuta soko nje, na mwaka 2024 ziada ya biashara ya China ilikaribia dola trilioni 1. Mwaka huohuo serikali ilitenga yuan bilioni 150, na mwaka uliofuata yuan bilioni 300, kuwasaidia watu wabadilishe majokofu na magari ya zamani kwa mapya. Ni msaada halisi, lakini humfikia kwanza mwenye jokofu na gari. Mwaka 2021 Rais Xi Jinping, akieleza sera yake ya ustawi wa pamoja, alionya dhidi ya ustawi wa jamii unaolea uvivu. Sijui mtu mvivu ni nani katika nchi ambamo mama hupika bwaloni siku sita kwa wiki na kumwona mwanawe mara moja kwa mwaka.

Naja kwa vijana wa Korea Kusini, ambao mchambuzi wenu aliwahukumu kwa sentensi moja. Ni kweli kwamba mwaka 2023 wastani wa watoto kwa mwanamke mmoja wa Korea ulikuwa 0.72, chini kuliko nchi nyingine yoyote, na kwamba ulipanda kidogo tu hadi 0.75 mwaka 2024. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, serikali ilipoanza kampeni yake ya uzazi wa mpango, wastani huo ulikuwa karibu watoto 6. Tangu mwaka 2006 nchi hiyo imetumia zaidi ya won trilioni 200 kwa programu za kuhimiza uzazi, na matokeo yake yamekuwa haya. Kama tatizo lingekuwa ubinafsi, pengine fedha zingeweza kuuyeyusha. Tatizo ni mpangilio wa kazi, nyumba, shule na uzee, na nitayaeleza mambo hayo moja baada ya jingine kwa sababu hushikana kama viungo vya mnyororo.

Makampuni makubwa ya kifamilia hulipa vizuri na kutoa ajira ya uhakika, lakini zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wako katika makampuni madogo na ya kati, ambako mshahara ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa makampuni makubwa. Mlango wa kuingilia huko juu ni mwembamba na hufunguliwa na vyuo vichache vya Seoul. Kwa hiyo mtoto huanza kupelekwa tuisheni, katika vituo viitwavyo hagwon, akiwa bado na umri wa kucheza, na hutoka huko usiku. Mwaka 2024 wazazi walitumia zaidi ya won trilioni 29 kwa masomo hayo ya ziada, katika nchi ambayo idadi ya wanafunzi inapungua kila mwaka. Ajira hizo nzuri ziko mji mkuu na viunga vyake, ambako zaidi ya nusu ya Wakorea wamebanana, na ambako mpangaji wa mfumo wa jadi uitwao jeonse hutakiwa kumpa mwenye nyumba amana inayoweza kufika nusu ya thamani ya nyumba au zaidi. Amana hiyo vijana huipata kwa kukopa, na miaka ya karibuni wengi waliipoteza kwa wenye nyumba walaghai. Mwanamke anayeingia katika mashindano haya hulipwa kwa wastani karibu theluthi moja pungufu ya mwanamume, pengo kubwa kuliko yote katika nchi wanachama wa OECD, jumuiya ambayo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri. Likizo ya uzazi imeandikwa vizuri katika sheria, lakini anayeichukua hujua kiti chake kitakavyokuwa akirudi. Mwaka 2023, nchi ikiwa inalia kwamba watoto hawazaliwi, serikali ilipendekeza sheria ambayo ingeruhusu wiki ya kazi kufika saa 69. Vijana walipinga kwa nguvu hadi pendekezo likarudishwa kwa marekebisho.

Halafu kuna wazee. Mfuko wa pensheni wa taifa la Korea ulianza mwaka 1988, ukiwa umechelewa kwa kizazi kilichofuma nguo na kuyeyusha chuma cha muujiza wa uchumi wao. Takriban wazee 4 kati ya 10 wanaishi katika umaskini kwa vipimo vya nchi hiyo, kiwango kisicho na mfano miongoni mwa nchi tajiri, na ni jambo la kawaida kumwona bibi wa miaka 75 akisukuma mkokoteni wa maboksi chakavu barabarani ili ayauze kwa kilo. Desemba 2024 watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi walipita asilimia 20 ya raia wote. Machi 2025 bunge lilipitisha sheria ya kupandisha mchango wa pensheni hatua kwa hatua kutoka asilimia 9 ya mshahara hadi 13, na vijana wakalalamika kwamba wao ndio watakaolipa kwa muda mrefu zaidi. Sioni ubinafsi katika malalamiko hayo. Kijana anayetakiwa amlipie babu, ajilipie amana ya nyumba, amlipie mtoto tuisheni na abaki ofisini hadi usiku amepiga hesabu yake sawasawa, na anayepaswa kujieleza ni yule aliyeipanga hesabu hiyo. Vocha za manunuzi kuanzia won 150,000 ambazo serikali ya Rais Lee Jae-myung iliwagawia raia Julai 2025 zilichangamsha maduka kwa majira mamoja. Hazikugusa mnyororo wenyewe.

Japani ilitangulia kwenye njia hii, na inastahili kusomwa kwa utaratibu kuliko tunavyofanya. Soko lake la hisa lilifika kileleni Desemba 1989 na halikukipita kilele hicho hadi Februari 2024. Katika miaka hiyo 34 makampuni yalijilimbikizia fedha na kuajiri watu kwa mikataba ya muda. Leo karibu asilimia 37 ya waajiriwa hawana ajira ya kudumu, na miongoni mwa wanawake ni zaidi ya nusu. Waliomaliza shule na vyuo katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 huitwa kizazi cha zama za barafu za ajira, na si wachache kati yao waliofika miaka 50 bila kuoa wala kuolewa. Serikali nayo, ikiwa na deni la zaidi ya mara mbili ya pato la taifa, iliegemea kodi ya manunuzi, ikaipandisha kutoka asilimia 3 mwaka 1989 hadi 5 mwaka 1997, 8 mwaka 2014 na 10 mwaka 2019, na kila ilipopandishwa kaya zilijikunyata. Mwaka 2024 walizaliwa watoto 686,061, mara ya kwanza idadi kuwa chini ya 700,000. Bei ya mchele ilipokaribia kuongezeka maradufu mwaka 2025, hasira za watu zilimng'oa waziri wa kilimo, Taku Eto, aliyesema kwamba yeye hanunui mchele kwa sababu hupewa na wafuasi wake.

Hata hivyo Japani ilifanya jambo moja ambalo natamani majirani zake wangelifanya mapema. Mwaka 2000 ilianzisha bima ya huduma kwa wazee, ambayo kila mtu huichangia kuanzia umri wa miaka 40, na ambayo humletea mzee mhudumu nyumbani au nafasi katika kituo cha mchana. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya mkwe wa kike, aliyemwosha na kumlisha mama wa mumewe kwa miaka mingi bila mtu kuiita kazi. Bima hiyo haikutatua yote: wahudumu hulipwa kidogo, hawatoshi, na pengo hujazwa na wageni, ambao baadhi yao waliletwa kwa mpango wa mafunzo ya ufundi wa mwaka 1993 uliolaumiwa kwa miaka mingi kwa kuwafunga kwa mwajiri mmoja. Sheria ya mwaka 2024 imeamua mpango huo ubadilishwe ifikapo 2027. Lakini angalau katika jambo la uzee taifa lilikubali kwamba mzigo wa kaya ni mzigo wa wote.

Mchambuzi wenu aliiweka India katika kapu jingine, akisema kwamba kwa kuwa imekuwa nchi yenye watu wengi kuliko zote tangu mwaka 2023, na vijana wake ni wengi, kesho ni yake. Laiti wingi wa vijana ungekuwa ajira. Kilimo kinatoa chini ya moja ya tano ya pato la India, lakini bado kimewashikilia zaidi ya asilimia 40 ya wafanyakazi. Kampeni ya viwanda iliyozinduliwa Septemba 2014 ililenga viwanda vifikie asilimia 25 ya pato, na lengo hilo halijafikiwa. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2024 iliyoshirikisha Shirika la Kazi Duniani, vijana wenye shahada waliokosa ajira mwaka 2022 walikuwa asilimia 29.1, ilhali kwa wasiojua kusoma na kuandika ilikuwa asilimia 3.4, kwa kuwa maskini hawezi kumudu kukaa bila kazi, na msomi haioni kazi aliyoisomea. Nafasi 35,000 za shirika la reli zilizotangazwa mwaka 2019 ziliombwa na watu zaidi ya milioni 12, na Januari 2022 hasira kuhusu uchujaji wa waombaji ziligeuka ghasia katika jimbo la Bihar.

India pia ina hukou yake isiyo na jina. Waziri Mkuu Narendra Modi alipotangaza kufungwa kwa nchi usiku wa tarehe 24 Machi 2020, watu walipewa saa nne. Vibarua wa mijini walijikuta bila ujira na bila mgao wa nafaka, kwa sababu kadi zao za mgao zilitambulika vijijini kwao tu, nao wakaanza kutembea mamia ya kilomita wakiwa wamebeba watoto mabegani. Tofauti ni kwamba India ilijifunza kuharakisha jambo moja: kadi ya mgao inayotumika nchi nzima, ambayo utekelezaji wake ulianza mwaka 2019, ilikuwa imefika katika majimbo yote kufikia katikati ya mwaka 2022. Sasa kibarua wa Bihar anaweza kuchukua ngano yake Delhi. Ni badiliko dogo la kiofisi, na mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko viwanja vingi vya ndege. Pamoja na hayo, nchi inayolazimika kuwapa nafaka ya bure watu wapatao milioni 800, huku ikijivunia kasi ya ukuaji, bado haijazifikisha faida za ukuaji huo majumbani.

Mhariri, mambo haya yanatugusa hapa pwani kwa njia ambayo wafanyabiashara wa Kariakoo na wa Mombasa wanaijua vizuri kuliko mimi. Mtu anayepanda ndege kwenda Guangzhou au Yiwu huona bei zikishuka mwaka hadi mwaka, na hufurahi, kama ambavyo mnunuzi wake hufurahi. Sehemu ya unafuu huo hutoka katika ustadi wa viwanda vya China, na sehemu nyingine hutoka kwa Ayi na wenzake, ambao hawana uwezo wa kununua wanachotengeneza. Mafundi wetu wa viatu, samani na nguo hawashindani na kiwanda peke yake. Wanashindana na taifa zima lililozinyima kaya zake ili liuze nje. Kwa hiyo viongozi wetu wanaporudi kutoka ziara za Asia wakituambia tuige nidhamu ya kule, tuna haki ya kuwauliza wameona nini nje ya barabara na magari moshi ya kasi, na kama waliuliza mtoto wa mpishi anasoma wapi.

Ombi langu kwa gazeti lenu ni dogo. Kila mnapochapisha kasi ya ukuaji wa uchumi wa China, India, Japani au Korea Kusini, wekeni kando yake takwimu tatu ambazo mashirika ya takwimu ya nchi hizo huzitoa au ambazo zinaweza kukokotolewa kutokana nazo: sehemu ya pato la taifa inayotumiwa na kaya, pensheni ya mzee asiyewahi kuwa na ajira rasmi, na idadi ya watoto wanaoishi mbali na wazazi wao kwa sababu ya kazi. Na mchambuzi wenu, ambaye kalamu yake naiheshimu, akiandika tena kuhusu vijana wasiozaa wa Seoul au akina mama wanaojinyima wa Sichuan, atafute kwanza wanalipwa nini, wanalipa nini, na wakiugua nani hulipa.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga